Hodi Ni Tatu

Hii ni wiki ya tano tangu nitume ombi la kazi ya uripota katika stesheni moja ya redio Mombasa. Nilituma barua, wasifu na taarifa mbili nilizozirekodi kwa simu darini kwetu. Kilichorudi ni jibu la mashine: tumepokea, asante.

Mjomba wangu, ambaye baada ya alasiri humkuti kwengine ila barazani, ananiambia nitulie. “Ushaomba, mwanangu. Riziki yako ikiwapo itakuja. Ukenda kuuliza tena utaonekana mroho.” Hapa Amu, yaani Lamu, ndivyo tulivyolelewa, na najua wenzangu waliopoteza nafasi hivyo hivyo, simu mkononi, wakingoja iite.

Lakini mjomba huyu huyu ndiye aliyenifunza kwamba hodi ni tatu. Hupigi moja ukageuka. Huenda mwenye nyumba yuko jikoni, huenda anaswali. Unapiga ya pili, unangoja, unapiga ya tatu, ndipo unakwenda zako bila kinyongo. Ombi langu lilikuwa hodi ya kwanza.

Ya pili niliipiga vibaya. Jumatatu, saa tatu asubuhi, wakati wahariri wako kikaoni wakigawana habari za siku. Mama aliyepokea simu alinijibu kwa mkato, na papo hapo punda aliyepakiwa mchanga akaanza kulia chini ya dirisha letu. Mama yule akanyamaza kidogo. “Wewe uko wapi?” Nikamwambia Lamu. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanipa anwani ya mhariri mwenyewe. Nadhani punda yule alinifaa kuliko wasifu wangu wote.

Mhariri sikumwandikia “naomba unifikirie.” Nilitaja nafasi na tarehe niliyotuma ombi, nikauliza kama wameshachuja majina, halafu nikampa habari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe Sh1.76 bilioni, mimi naweza kuketi gatini na wazee hao wakanisimulia walivyoishi tangu siku ile. Anayetafuta ripota wa huku, naona, atataka kujua hilo kuliko kusoma kwamba mimi ni mchapakazi.

Bado kimya. Na hapa nina neno na wahariri. Afisa wa serikali asiposhika simu mchana mmoja tu, jioni tunasomewa kwamba hadi tukienda mitamboni hakuwa amejibu. Sasa mimi nimengoja wiki tano, nimwandike vipi mhariri? Sidai kazi. Mistari miwili yatosha: nafasi imejazwa, asante. Waandishi wengi wanaotuma habari kutoka huku hulipwa kwa kila habari inayotoka, hawana mshahara. Mtu wa namna hiyo akiomba ajira, kumwacha akining’inia ni kumzuia hata kupanga safari ya Malindi.

Mjomba nimemwambia juzi kwamba bado nina hodi moja. Akatafuta la kusema, akakosa, akaniagizia kahawa.

Alhamisi naipiga, saa tano hivi, kikao kikiwa kimekwisha. Nitapanda darini, punda wasisikike tena.