Kipaji anacho, lakini alikihangaikia

Mashaallah, nimefurahi kusoma habari hii ya mwenzetu mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, ambaye sasa anaalikwa hadi Ulaya. Nilisoma naye skuli moja hapa Unguja, dawati lake mbele ya langu. Mwandishi anasema "alizaliwa na kipaji", na hapo naomba niongeze neno. Kipaji anacho, hakuna wa kumnyima. Ila mimi nilimuona akihangaika. Kengele ikilia, sisi mbio kwenye urojo, yeye anashika njia ya Mizingani, kwenye jumba la zamani la forodha, kilipokuwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zinakwenda tatu tatu kwa kila sauti, na kabla hujapiga lolote lazima uzikaze moja moja mpaka zisikilizane. Zile pete za kupigia zilimuachia alama kwenye vidole vya shahada. Hata akiandika hesabu ubaoni unaziona.

Na tusisahau amekulia mji wenye kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905. Ndugu mwandishi, ukimhoji tena, tafadhali muulize kuhusu walimu wake. Watajwe na wao, wangali hai.