Nukta Iliyogoma Kuja

Nilipoambiwa kuna jaribio la macho, na kazi yenyewe ni kukaa mbele ya kompyuta na kubonyeza kitufe kila nukta ikitokea, nilicheka kimoyomoyo. Nikatia saini fomu kwa kalamu ya dada mtafiti, nikaingia kwenye kichumba chenye giza, kidevu nikakiegesha juu ya kibao cha plastiki kama ng'ombe anayesubiri chanjo.

Ti! Sekunde moja, nukta. Nabonyeza. Ti! Sekunde moja, nukta. Baada ya raundi kumi hivi nikashtuka: kumbe hii kitu ina mdundo! Nikaacha kutafuta nukta, nikawa nahesabu tu, kidole kinajiendea chenyewe. Kupepesa nilikataa kabisa nisije nikapitwa. Macho yakawaka moto, chozi likaanza kuteremka shavuni taratibu.

"Kaka, unalia?" spika ikauliza.

"Hapana. Niko kazini."

Ti! Sekunde moja. Nikabonyeza. Nukta haikuja. Nikabonyeza tena, kwa nguvu, labda haikusikia. Kimya. Ti! Sekunde moja ikapita, ya pili ikaingia, na kadiri nukta ilivyochelewa ndivyo kidole kilivyoniwasha, kama mtu anayezuia chafya msibani. Ilipokuja hatimaye, nilikuwa nimepepesa.

Dada akaja na matokeo, amebana midomo asicheke. Akanieleza kwamba ubongo ukijua jambo litatokea lini, hujiweka tayari kwa wakati huohuo, na jicho huliwahi upesi zaidi. Hicho ndicho walichokuwa wanakipima. Na ukiamini kwamba nukta lazima ije, kila inavyochelewa ndivyo unavyozidi kuwa na uhakika kwamba ni sasa hivi. Ndiyo maana wanachomeka raundi tupu: kuwanasa wajanja. Jibu linalokuja chini ya milisekunde 100, yaani sekunde 0.1, baada ya nukta wanalitupa, maana huko ni kubahatisha, siyo kuona. Hata wakimbiaji wa mita 100, anayechomoka kabla sekunde 0.1 haijatimia tangu mlio huhesabiwa ameanza mapema.

"Na mimi je?"

"Wewe hata nukta ulikuwa huisubiri."

Nikajisikia fahari kidogo, sitadanganya. Nikachukua koti langu.

"Kaka, kabla hujaondoka, naomba..."

"Usijali dada, hata mimi nimefurahi sana! Mkinihitaji tena niiteni tu!"

"...kalamu yangu."