Aliyesema Hakuiona Pikipiki Huenda Hasemi Uongo

Dereva anapoingia barabara kuu na kuigonga pikipiki iliyokuwa ikija mchana kweupe, kisha akaapa kwamba hakuiona, wengi wetu humwita mwongo. Mimi nimeacha haraka hiyo, na kilichonigeuza ni utafiti wa Geraint Rees, Chris Frith na Nilli Lavie uliochapishwa mwaka 1997.

Watu waliolazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo walionyeshwa maneno katikati ya skrini, yakiwa yamezungukwa na vitone ambavyo mara vilitembea, mara vilitulia, na ambavyo havikuwahusu kabisa. Walipopewa kazi nyepesi, ya kutambua kama neno limeandikwa kwa herufi kubwa au ndogo, eneo la ubongo liitwalo V5, ambalo hushughulika hasa na mwendo, lilichangamka vitone vilipotembea. Walipotakiwa kuamua kama neno lina silabi mbili, kazi inayochosha zaidi, mwitikio huo ulififia. Macho yalikuwa wazi vilevile na vitone vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni mzigo uliokuwa juu ya akili.

Mwaka mmoja kabla, Stefan Treue na John Maunsell walikuwa wamepima seli mojamoja katika ubongo wa kima, katika eneo hilohilo, na kukuta kwamba seli iliyokabiliwa na vitone viwili vinavyokwenda pande tofauti iliitikia zaidi mwendo wa kile ambacho mnyama alikuwa amekizingatia.

Najua maabara si barabara, na kitu kinachochomoka ghafla huweza kuuteka umakini wa mtu hata akiwa na shughuli nyingine. Hata hivyo, sikubaliani na wanaodhani kwamba dereva anayezungumza kwa simu ya spika, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, ameiondoa hatari, kwa sababu mikono haikuwa kiini cha tatizo tangu mwanzo.

Kumwamini dereva yule hakumwondolei hatia. Ila badala ya kumuuliza alikuwa akitazama wapi, ningemuuliza alikuwa akiwaza au kuzungumza nini sekunde chache kabla ya kugonga, na jibu hilo ndilo ningetaka liandikwe katika maelezo yake polisi.