Si virusi peke yake
Mwandishi wa makala yenu anasema seli za neva zinazokuzwa maabara huingiziwa jeni kwa kubebwa na virusi tu. Si kweli hata kidogo. Kalsiamu fosfeti, aina ya chumvi, bado inatumika: inachanganywa na DNA, chembechembe laini kama vumbi zinatua juu ya seli, kisha zinaoshwa mapema kabla hazijaziua. Seli zinazopokea ni chache mno, lakini kwa anayetaka kupiga picha nyuroni moja, yaani seli moja ya neva, na matawi yake yote, uchache huo ndio anaoutafuta! AAV, kirusi kidogo kinachotumika sana kubeba jeni, nayo ina kikomo chake, haibebi zaidi ya herufi 4,700 hivi za DNA. Jeni ikizidi hapo, ipewe lentivirusi, kundi jingine la virusi, inayoingia hata kwenye seli isiyogawanyika kama ya neva. Na njia ya umeme, ya kuzipiga seli mshtuko mfupi ili DNA ipenye, mbona mmeiruka? Hiyo hufanywa seli zikiwa bado zinaelea, kabla hazijapandwa kwenye sahani.