Nauli ya afisa ustawi au utafiti wa haki ya mtoto?

Mama mmoja wa Ngarenaro alisimama kwenye korido ya mahakama hapa Arusha, mkononi kadi ya kliniki aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni. Hati ya mashtaka ilimtaja mwanawe kuwa na miaka 18. Kadi ilisema 15. Mihuri ya chanjo ilikuwa imefifia, lakini tarehe ya kuzaliwa ilisomeka vizuri. Mtoto alikuwa ameshalala mahabusu na watu wazima siku nne, na hakuna aliyekuwa ameiulizia kadi hiyo.

Naikumbuka kila msimu wa bajeti, unaporudi ule ubishi: serikali itenge fedha za kutafiti namna tunavyowashughulikia watoto wanaokinzana na sheria, au fedha hizo ziende kwenye huduma yenyewe?

Wanaoupinga utafiti wana hoja nzito. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeshasema mengi: mtoto ni aliye chini ya miaka 18, hahukumiwi kifungo, shauri lake lisikilizwe na Mahakama ya Watoto, na afisa ustawi wa jamii aandike taarifa ya hali ya nyumbani kwake. Kanuni za mahakama hiyo zikafuata mwaka 2016. Kwa hiyo tunachotakiwa kufanya tunakijua. Tunakwama kwenye kukifanya. Ili taarifa hiyo ipatikane, lazima mtu apande daladala hadi Usa River, pengine basi hadi Simanjiro, amtafute bibi wa mtoto, akae naye, arudi aandike. Afisa mmoja wa ustawi, mama aliyekaribia kustaafu, aliniambia, "Mwanangu, nina mafaili kumi na moja na nauli ya safari mbili. Hapo utatafiti nini?" Siku hiyo sikuwa na la kumjibu.

Ripoti nazo zipo. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilieleza ilivyokuta watoto wakishikiliwa pamoja na watu wazima, na baadaye ukaja mkakati wa mageuzi wa 2013 hadi 2017. Korido ile bado ilinionyesha mtoto wa miaka 15 aliyeandikwa mtu mzima. Anayesema kabati limejaa makaratasi ana haki ya kukasirika.

Lakini ripoti nilizosoma zinahesabu waliomo ndani. Kuhusu waliotoka, kimya. Arusha na Moshi tuna bahati ya kuwa na Mahabusu ya Watoto, wakati mikoa mingi haina. Je, mtoto akipita pale hutoka amenyooka kuliko mwenzake aliyerudishwa kwa shangazi chini ya uangalizi wa ustawi? Tunabishana kwa hisia tu, na hisia zimewahi kuumiza watoto. Marekani, kuanzia miaka ya 1970 kule New Jersey, ilipata umaarufu programu ya kuwapeleka vijana gerezani ili wafungwa wa vifungo virefu wawatishe. Wazazi waliipenda, polisi waliipenda. Watafiti walipowagawa vijana kwa kura, wengine waende na wengine wabaki, majaribio hayo yalipojumlishwa ilionekana waliokwenda walirudia makosa zaidi. Na sisi huku ni mara ngapi tunasema "mpelekeni Kisongo akaone", yaani gereza letu la hapa Arusha? Marekani hiyo ina ofisi ya serikali kuu ya haki ya watoto tangu 1974, na mojawapo ya kazi zake ni kugharimia tafiti za namna hii.

Kwa nini serikali ilipe, wafadhili wasilipe? Mwenye fedha ndiye mwenye swali, na akiondoka huondoka nalo. Mwaka 2025 tuliona shirika la misaada la Marekani likifungwa ndani ya miezi michache. Kuna wanaohofu kwamba serikali haitachapisha utafiti unaoumbua polisi wake, na hofu hiyo naielewa. Ila Tume iliyoandika ile ripoti ya 2011 ni chombo cha umma. Fedha zipitie Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mkataba useme tangu mwanzo kwamba matokeo ni ya umma, majina ya watoto yakifichwa.

Mimi naamini nauli na utafiti vinaweza kuwa safari moja. Afisa akienda kwa bibi kuandika taarifa ya mahakama, arudi tena baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka: mtoto yuko shule? Amekamatwa tena? Anakula wapi? Safari hiyo ni huduma kwa mtoto, na majibu yake ni takwimu. Wanachuo wa maendeleo ya jamii wa Tengeru, ambao hata hivyo huenda mafunzo kwa vitendo, wafuatane naye. Bajeti iende kwenye nauli na posho ya chakula. Semina ya hotelini isiwemo kabisa.

Nilipomweleza hivyo yule mama wa ustawi, aliuliza fomu ingekuwa na kurasa ngapi. Nikamwambia moja.

"Basi iwe moja kweli," alisema, akavuta faili la juu.