Kujiamini ni kimoja, kujitambua ni kingine

Ukikaa barazani Mji wa Kale baada ya swala ya alasiri, habari ya mafanikio haikawii kuzuka, na wazungumzaji hugawanyika papo hapo. Wako wanaoshikilia kwamba mtu hufika pale anapojiona anafika. Wengine huwacheka na kusema kwamba riziki ya Mombasa hupangwa na bandari, na kwamba hotuba za wahamasishaji huwatajirisha wahamasishaji.

Hoja ya kwanza si ya kupuuzwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carol Dweck, ameeleza kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi anayeamini akili hukua kwa juhudi hulipokea kosa tofauti na yule anayedhani amezaliwa na kipimo chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari nchini humo, ulionyesha kwamba somo la chini ya saa moja kuhusu jambo hilo liliinua wastani wa alama za waliokuwa nyuma kimasomo kwa takriban pointi 0.1 katika kipimo cha 0 hadi 4.3, na kwamba faida ilionekana zaidi pale ambapo wanafunzi wenzao nao walikuwa wakipenda kujaribu magumu. Kwa hiyo mtazamo una kazi yake, ila ni kazi ndogo, tena hutegemea mazingira, na hayo wahamasishaji wetu huyaruka.

Wa upande wa pili wana ushahidi wa karibu zaidi. Treni za mizigo za SGR, ile reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, zilipoanza kazi mwaka 2018, kontena nyingi zikawa zinapelekwa Nairobi kutolewa forodhani huko, na madereva wa malori, mawakala wa forodha na mama ntilie wa Changamwe wakapungukiwa na kazi, hata watu wakaandamana mwaka 2019. Shughuli hizo zilirudishwa Mombasa kwa agizo la Rais William Ruto mnamo Septemba 2022. Sioni ni fikra gani njema ambayo dereva angekuwa nayo katika miaka hiyo ikamletea kontena.

Hata hivyo, naona pande zote mbili zimechanganya kujiamini na kujitambua. Jirani yangu mmoja wa Likoni, anayeuza mahamri kwa mbaazi karibu na feri, hakuwahi kukosa kujiamini, lakini kila wiki alikuwa akiingia hasara, na sababu aliyokuwa nayo ni husda. Mpwa wake akampa daftari kuukuu, akamwomba aandike kila jioni kilichobaki na kilichokopwa. Baada ya wiki sita ilionekana kwamba mahamri hudoda Alhamisi na Ijumaa, kwa kuwa wateja wake ni vibarua wanaolipwa Jumamosi. Jambo la pili lilimuuma zaidi: karibu robo ya mauzo ilikuwa mkopo, na wengi wa waliokopa hakuwa amewadai hata mara moja. Mwenyewe alikiri, huku akicheka kwa uchungu, kwamba alipenda kuitwa mama wa wote, na haya ya kudai ndiyo iliyokuwa ikimla.

Husda ilimpa mtu wa kumlaumu. Daftari lilimpa cha kubadilisha. Lakini tusilitukuze kupita kiasi, maana mwaka 2022 unga wa ngano na mafuta ya kupikia vilipopanda bei, halikuishusha hata kwa shilingi moja. Lilichofanya ni kumwonyesha mapema kwamba kila hamri aliyouza kwa bei ya zamani ilikuwa ikimtoa pesa mfukoni, na hapo akatenganisha lililo lake na lisilo lake: bei ya unga hana mkono nayo, ila cha kupika siku ya Alhamisi ni uamuzi wake.

Siku hizi Alhamisi na Ijumaa huchemsha mihogo, mahamri huyarudisha Jumamosi, na lile daftari limetobolewa pembeni, likafungwa uzi, linaning'inia msumarini mahali ambapo kila mwenye deni analiona.