Mwarobaini, artemisia na mseto: tunabishania nini hasa?

Masika yakishaanza, mjadala ule ule hurudi. Madimbwi yanajaa, mbu wanazaliana, homa zinabisha hodi, na kwenye makundi ya WhatsApp inaanza kuzunguka picha ya majani makavu ya artemisia pamoja na maelekezo: chemsha, kunywa siku saba, malaria kwaheri. Chini yake daktari mmoja anajibu kwa ukali kwamba huo ni upuuzi, watu waende hospitali. Naye anarushiwa jibu kwamba hata hiyo dawa ya hospitali imetokana na jani hilo hilo, na kwamba wenye viwanda hawataki mwananchi ajitibu kwa mmea wa shambani kwake. Mjadala unaishia hapo mpaka masika mengine.

Kwa maoni yangu, wapenzi wa tiba asili wana hoja nzito kuliko hizo wanazozitumia, na madaktari nao wana majibu mazuri kuliko amri wanazotoa. Ila wote wanabishania jani, wakati kinachomuua mgonjwa mara nyingi ni mambo mawili mengine kabisa: kutopima na kuchelewa.

Nianze na mitishamba, maana ina historia upande wake. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti wa sinkona wa Amerika Kusini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820, na baadaye mti huo ukaletwa kwetu. Upande wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mashamba ya sinkona na kiwanda cha Pharmakina viliifanya kwinini kuwa zao la hapa hapa. Artemisinini, kiini cha dawa za malaria za leo, nayo imetoka kwenye artemisia, na wakulima wa Arusha na wa Kabale, Uganda, wameilima kwa ajili ya viwanda. Klorokwini, iliyotengenezwa maabara, ndiyo iliyotutupa mkono: vimelea viliizoea, Tanzania ikaiacha mwaka 2001 na kuhamia dawa nyingine iitwayo SP, nayo SP ikachoka haraka, tukaingia kwenye mseto wa artemeta, inayotokana na artemisinini, na lumefantrini mwishoni mwa 2006. Kwa hiyo anayesema dawa nzito za malaria zimetoka kwenye mimea hasemi uongo.

Lakini kisa cha mwanamke aliyetupatia artemisinini kina kipande ambacho wauzaji wa majani hukiruka. China ilianzisha mradi wa siri tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, kutafuta dawa ya malaria, na baadaye mwanamke huyo, Tu Youyou, akapewa kikosi cha kupekua dawa za kale. Artemisia ilionyesha dalili njema, kisha matokeo yakawa hayatulii. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4 na kukuta kwamba mzee yule hakuagiza jani lichemshwe. Aliagiza liloweshwe, likamuliwe, na maji yake yanywewe yote. Tu akashuku kwamba moto ndio ulioharibu dawa. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dawa iliyomaliza vimelea vyote kwenye panya na nyani. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo sisi tunamtaja yeye kama ushahidi, halafu tunatia jani kwenye maji yanayotokota.

Tatizo la chai hiyo ni kipimo. Artemisinini haipendi maji. Watafiti waliopima lita moja ya chai iliyotokana na gramu 9 za majani walikuta takriban miligramu 94 za artemisinini, ilhali dozi ya kawaida ya siku ilikuwa miligramu 500. Na hayo ni majani ya mbegu iliyochaguliwa, yaliyopimwa kwa mizani. La kwako lililoota nyuma ya choo linaweza kuwa na kiasi kingine kabisa, na lile la porini la milimani, ndugu yake aitwaye Artemisia afra, halina artemisinini ya kutegemewa hata kidogo. Wauzaji wengi hawatofautishi haya mawili.

Matokeo yake yalionekana Kongo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 liliwagawa wagonjwa, wengine wakapewa chai ya artemisia na wengine kwinini. Siku ya 7, karibu asilimia 74 ya waliokunywa chai walikuwa hawana vimelea, dhidi ya asilimia 91 ya waliopewa kwinini. Angalia vizuri: asilimia 74 si sifuri. Daktari anayesema chai hiyo ni maji tu anakosea. Lakini kwa wengi waliokunywa chai, malaria ilirudi baadaye. Baadaye ukatoka utafiti mkubwa zaidi kutoka jimbo la Maniema, huko huko Kongo, nao ukadai chai inashinda hata mseto. Jarida lililouchapisha likaufuta mwaka 2020. Mpaka leo bado unasambazwa kama vile hakuna kilichotokea.

Upande wa kinga, jani lina sifa kidogo zaidi. Wafanyakazi wa shamba la maua nchini Uganda waliokunywa chai ya artemisia mara moja kwa wiki walipata malaria ya kujirudia mara chache kuliko wenzao waliopewa kinywaji kisicho na dawa. Lilikuwa jaribio dogo, la watu wazima, lakini lilifanywa kwa utaratibu. Shirika la Afya Duniani linaipinga chai hiyo kwa tiba na kwa kinga, na mojawapo ya sababu zake kubwa ni usugu: dawa kidogo mwilini kila wiki ni shule ya vimelea.

Hoja hii ya usugu naiona ya kweli, ila inasemwa kwa upande mmoja. Vimelea vyenye mabadiliko kwenye jeni ya kelch13, vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, vimeshathibitishwa Rwanda, kaskazini mwa Uganda na hapa kwetu Kagera. Mseto bado unatibu, kwa sehemu kubwa kwa sababu lumefantrini inamalizia kazi. Sasa, nani amevilea vimelea hivyo? Sijaona ushahidi unaowabebesha wanywa chai mzigo huo. Nenda duka la dawa lolote la mtaani ukasimame pembeni kidogo. Mteja anaomba mseto bila kupima. Mwingine anataka "nusu dozi" kwa sababu pesa haitoshi, na anauziwa. Mwingine ana vidonge 24 mkononi, dozi kamili ya mtu mzima, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, lakini siku ya pili homa ikishuka anavibakiza "kwa ajili ya siku nyingine". Na karibu hakuna anayeambiwa kwamba lumefantrini hufyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta, na kwamba dozi ya pili ni baada ya saa 8, si kesho yake. Ukimkemea bibi mwenye sufuria ya majani, mkemee na huyu.

Tuje kwenye sufuria yenyewe, maana mwarobaini ndio tiba ya wengi kuliko artemisia. Mimi mwenyewe nimekuzwa nayo. Majani mabichi yanachumwa konzi mbili tatu, yanaoshwa, yanachemshwa mpaka maji yawe ya kijani kilichokolea. Mgonjwa anapewa kikombe, anabana pua, anameza, uso unamkunjamana. Kisha sufuria inarudishwa jikoni, inatokota tena, mgonjwa anakalishwa kwenye kigoda na kufunikwa blanketi pamoja na mvuke. Anatoka hapo jasho limemlowesha, na homa imeshuka kweli. Jasho hushusha joto la mwili. Kama vimelea navyo vimepungua, hilo ni swali lingine ambalo blanketi haliwezi kulijibu.

Hapa ndipo ule ushahidi wa "mimi nilikunywa nikapona" unapohitaji kuchunguzwa, tena bila dharau. Homa nyingi si malaria. Kiwango cha maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka 5 Tanzania Bara kilishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2007/08 hadi asilimia 7 mwaka 2017, lakini mazoea ya kuiita kila homa malaria hayakushuka nayo. Mafua makali na virusi vingine huisha vyenyewe ndani ya siku chache, umekunywa mwarobaini au hukunywa. Halafu kuna kinga ya mwili. Mtu mzima aliyekulia Geita au Kigoma ameumwa malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake unajua kupambana. Anaweza kusimama tena kwa uji na usingizi. Kinga hiyo mtoto wa miaka miwili hana, mjamzito inampungukia, na ndugu aliyekaa Ulaya miaka kumi akarudi likizo ameipoteza kwa kiasi kikubwa. Kikombe kile kile anachokisifia baba kinaweza kumzika mwanawe.

Pia kuna suala la ladha, ambalo wataalamu hawalitilii maanani. Sisi tumezoea kwamba dawa ya malaria ni chungu. Kwinini chungu, mwarobaini chungu, na klorokwini ilikuwa chungu halafu inawasha mwili usiku kucha, na bado tuliimeza. Leo mtoto anapewa kidonge cha kuyeyusha kwenye maji chenye utamu wa matunda. Bibi anaangalia, anatikisa kichwa, anakwenda kuchuma majani. Mhudumu wa afya asiyemweleza bibi huyu, badala yake akamfokea, amempoteza yeye na mjukuu wake.

Kuchelewa ndiko kunakotisha zaidi, na mfano mbaya kuliko yote ni degedege. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, na katika vijiji vingi hilo halihesabiwi kuwa malaria bali ni shetani au ndege mbaya aliyepita juu ya nyumba. Anapelekwa kwa mganga, anafukizwa, anapakwa dawa, na wengine huamini kabisa kwamba sindano wakati huo itamuua. Kumbe mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, na kila saa ina bei yake. Duniani mwaka 2023 malaria iliua watu wanaokadiriwa kuwa 597,000, wengi wao watoto wa Afrika wa chini ya miaka 5, na Tanzania ni miongoni mwa nchi nne zilizobeba zaidi ya nusu ya vifo hivyo, pamoja na Nigeria, Kongo na Niger. Hata hivyo, watafiti waliokaa na waganga wa Kilosa na Handeni walikuta wapo wanaomtuliza mtoto kwanza kisha wakamwelekeza mzazi hospitali. Mganga wa namna hiyo ni mshirika. Ukimfukuza kijijini, mtoto hatafika hospitali mapema. Huenda hatafika kabisa.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa mtu mmoja mmoja hauna kona nyingi. Homa ikiingia, pima kwanza. Ni tone la damu kidoleni na kusubiri kama dakika 15 hadi 20, mistari ionekane. Kukiwa na malaria, kunywa mseto wote mpaka kidonge cha mwisho. Mtoto mdogo na mjamzito wasipewe majani kama tiba, na mafuta ya mwarobaini yasimguse mtoto mdomoni, yamewahi kuwadhuru watoto. Mtu mzima akitaka kikombe chake juu ya dozi, amwambie mhudumu.

Kwenye kujikinga, mimea iachiwe nafasi pana zaidi. Kivumbasi kwenye chungu karibu na dirisha kina kazi: majaribio ya Mbita, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, yalionyesha mimea ya jamii hiyo ikipunguza kuumwa na mbu kwa theluthi moja hivi. Theluthi moja haitoshi kuondoa chandarua kitandani, ila jioni mkiwa barazani mnapiga soga, ambapo chandarua hakipo, si haba. Na kama ni uasilia tunaoutaka, Kibaha tuna kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kinachotengeneza dawa ya bakteria wa asili wanaoua viluwiluwi vya mbu. Mwaka 2017 Rais Magufuli alipokitembelea aliagiza halmashauri zikanunue. Sielewi kwa nini watetezi wa tiba asili hawaipigii kelele halmashauri yao kuhusu dawa hiyo nusu ya wanavyolipigia kelele Shirika la Afya Duniani kule Geneva kuhusu chai.

Serikali nayo ina deni. Haitoshi kuwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga, na Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili inayopima mimea kwenye chupa. Mali walianzia kwa wananchi: waliuliza mamia ya kaya zilitumia mmea gani mtu alipougua na nini kilifuata, wakachagua mmea mmoja wenye rekodi nzuri, aina ya mbaruti iitwayo Argemone mexicana, kisha wakaulinganisha na mseto kwa wagonjwa wenyewe. Waliokunywa mmea, asilimia 89 hawakuhitaji dawa ya pili; waliopewa mseto, asilimia 95. Vimelea havikuisha mwilini kwa wanywa mmea, na watafiti walilisema wazi, kwamba huo ni msaada wa mwanzo pale ambapo zahanati iko mbali. Majibu yalichapishwa mwaka 2010. Sisi tuna mwarobaini kila uwanja wa shule, tuna waganga waliokwisha kuzoea kukaa na watafiti, tuna vipimo vya haraka kwenye zahanati. Utafiti wa namna hiyo ungefaa kuanzia Handeni.